Kichocheo kinachotenda kazi na kurudi

KATIKA utengenezaji wa vitamini A viwandani kuna hatua moja nyeti. Atomu mbili za kaboni zilizoshikana kwa vifungo vitatu hazina budi kupewa haidrojeni ya kutosha kufungua kifungo kimoja tu. Haidrojeni ikizidi, zao huharibika.

Mnamo 1952, mwanakemia Herbert Lindlar wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, Uswisi, alitangaza suluhisho. Alitandaza metali ya paladiamu juu ya unga wa aina ya chaki, kisha akaitia risasi ili kuipunguza makali. Wanakemia husema kichocheo hicho kimetiwa sumu. Ajabu ni kwamba sumu hiyo ndiyo inayokitia adabu.

Kichocheo huharakisha mabadiliko ya kemikali bila chenyewe kuliwa. Molekuli za haidrojeni zikigusa paladiamu huachana, na atomu zake huwa tayari kuhamia kwingine. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika juu ya uso wa metali, chembe ndogo ndizo bora. Mchemraba wa sentimita moja una uso wa sentimita mraba sita pekee. Ukikatwa kuwa michemraba ya nanomita 10, yaani sehemu 10 kati ya bilioni moja za mita, uso huo hufikia mita mraba 600, eneo linalozidi uwanja wa mpira wa vikapu.

Hata hivyo, udogo huo una taabu yake. Chembe hupenya vichujio na kubaki ndani ya dawa, ilhali paladiamu ni ghali na mabaki yake katika dawa huwekewa mipaka mikali. Katika maabara, watafiti huzipachika chembe hizo juu ya oksidi ya chuma yenye kuvutwa na sumaku. Kazi ikiisha, sumaku huwekwa kando ya chupa, unga mweusi hujikusanya ukutani na kimiminika humiminwa. Unga huoshwa na kutumiwa tena.

Lakini kutumika mara tano si ithibati ya uimara. Metali yaweza kuyeyuka kidogo kidogo, au chembe zikagandamana. Watafiti makini hukitoa kichocheo kazi ikiwa bado katikati: kimiminika kikiendelea kubadilika peke yake, basi paladiamu imetoroka. Aidha, hupima kasi ya mwanzo katika kila awamu, kwa maana hata kichocheo kilichochoka humaliza kazi kikipewa muda mrefu.