Ndege Iliyopigwa Kindu Mwaka 1998

Sisi wa Kampene habari za Kindu hutufikia upesi, lakini si zote hufika zikiwa nzima. Hii ni moja.

Vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998 vilikuwa vimekaribia Kindu. Tarehe 10 Oktoba ndege aina ya Boeing 727 iliruka kwenda Kinshasa ikiwa na watu 41. Waasi wakaipiga kombora kwenye injini. Rubani akajaribu kuishusha, ikaanguka msituni, asipone hata mmoja. Siku 2 baadaye mji wenyewe ukatekwa.

Ndipo maneno yakaanza. Waasi walisema ndege ilichukua askari. Upande wa serikali ulisema ilichukua raia waliokimbia vita, wanawake na watoto. Watu ni wale wale 41, lakini kila upande ulikuwa na wafu wake. Tena hayakuwa maneno ya bure. Mapatano ya Chicago juu ya safari za anga yalikuwa yameongezewa kifungu kinachokataza serikali kuipiga kwa silaha ndege ya raia iliyo angani, nacho kilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1998, siku 9 tu kabla. Kumwita abiria askari ni kutafuta kumwondolea mpigaji hatia. Amri ya nane hatujui nani aliikumbuka siku ile.

Hata pasipo vita habari ya kwanza hukosea. Huko Goma, tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya Hewa Bora ilipita mwisho wa kiwanja ikaingia mtaa wa Birere. Ilitangazwa kwamba karibu abiria wote wamekufa. Kumbe wengi wao walitoka wazima. Wafu, wapatao 40, wengi walikuwa watu wa mtaani. Lakini kosa hilo lilisahihishwa, kwa sababu watu walikwenda kuhesabu.

Majuma 5 kabla ya msiba wa Kindu, ndege ya Swissair ilianguka baharini karibu na Kanada, wakafa watu 229. Wachunguzi waliokota vipande vyake chini ya maji, wakatoa taarifa mwaka 2003. Ile ya Kindu ilianguka nchi kavu, karibu na mji. Taarifa ya namna hiyo sisi wa Maniema hatujaletewa. Tunapowaombea katika Misa ya marehemu tuna hesabu yao, 41. Majina wanayo jamaa zao.