Albamu za Kisiwani: Swali la Santuri Likiulizwa Kutoka Chato

Mwaka 1942, Uingereza ikiwa vitani, Roy Plomley alianzisha katika redio ya BBC kipindi cha Desert Island Discs. Mgeni wa kipindi huchagua rekodi nane ambazo angeondoka nazo kwenda kuishi peke yake katika kisiwa kisicho na watu. Mwaka 1979 Mmarekani Greil Marcus alihariri kitabu, Stranded, ambamo wahakiki ishirini walichagua kila mmoja albamu yake moja na kuitetea. Tangu hapo swali hilo limekuwa mazoea ya wapenzi wa muziki kila mahali, na kwa kawaida hujibiwa kama suala la ladha. Makala haya yanalijibu kutoka Chato, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na yanadai jambo tofauti: likiulizwa huku, swali la albamu za kisiwani linapima historia ya kurekodi kabla ya kupima ladha ya mtu yeyote.

Tuanze na kisiwa chenyewe, kwa kuwa Chato inacho. Kutoka Kasenda, jirani na Muganza, boti huvuka kwenda Rubondo, Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Hakuna kijiji huko. Wapo askari wa wanyamapori, watumishi na wageni wanaolala siku chache. Lakini upweke wa Rubondo haukuumbwa pamoja na kisiwa. Wazinza walikuwa wakiishi pale, wakivua na kulima migomba, mpaka Serikali ilipowahamishia bara na visiwa vya jirani katika miaka ya 1960 ili kupisha pori la akiba. Mahali pao, kati ya 1966 na 1969, mhifadhi wa wanyamapori Bernhard Grzimek na shirika lake la Frankfurt, Ujerumani, walileta sokwe waliokuwa wamefugwa Ulaya, wakawaachia msituni. Kwa hiyo kisiwa kitupu cha maswali ya redioni, kwetu, ni mahali palipokuwa na watu na nyimbo zao, kisha pakaachwa bila watu. Anayejibu swali hili kwa dhati hana budi kuanza na nyimbo zilizokuwapo kabla yeye hajafika na santuri zake.

Albamu nayo ina historia yake. Santuri ndefu ilitoka Marekani mwaka 1948, ikabeba dakika ishirini na ushee kila upande, na muda huo ndio uliowafundisha wanamuziki wa Ulaya na Marekani kupanga nyimbo kumi kama kazi moja. Tanzania haikupita njia hiyo. Kwa miongo kadhaa bendi zetu zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam: zikaingia studio, zikapiga, na wimbo ukakaa katika utepe wa maktaba ya redio, msikilizaji akaupata hewani pale mtangazaji alipoona inafaa. Santuri zilizouzwa zilitengenezwa zaidi Nairobi, nyingi zikiwa ndogo, wimbo mmoja ukikatwa sehemu mbili, upande huu na upande wa pili. Hivyo ndivyo tulivyomjua mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe. Santuri ndefu za mfululizo wa Ukumbusho, ambazo wengi wetu tungezitaja za kwanza kwa safari ya kisiwani, ni mikusanyo ya kampuni ya Nairobi kutoka katika kazi zake. Ni hazina, nami nisingeziacha. Lakini utaratibu wa nyimbo mle ndani si kauli ya Mbaraka, aliyefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa.

Mwanamuziki Remmy Ongala ni kisa kingine. Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 ni albamu kwa maana kamili ya neno: ilipangwa, ikapewa jina, ikasikika duniani. Ilirekodiwa Uingereza, katika studio za Real World. Ukumbini Dar es Salaam wimbo wa bendi yake, Matimila, uliendelea kadiri wachezaji walivyoutaka, na gitaa lilipata nafasi ya kuzunguka mpaka watu wachoke wenyewe. Katika albamu kila kitu kina mwisho uliokwisha kupangwa. Ninaipenda sana albamu hii, na ndiyo sababu nasema wazi kuwa mlango ulioifanya iwe albamu ulikuwa nje ya nchi. Mwanamuziki Hukwe Zawose, kwa albamu yake ya Chibite ya 1996, alipita mlango huohuo.

Karibu na Chato, jina la kwanza ni Saida Karoli. Albamu yake ya Maria Salome, iliyotoka 2001, iliimbwa kwa Kihaya na ikapendwa na watu wasiojua neno la Kihaya kuanzia Bukoba hadi Dar es Salaam. Ilipofika 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny waliujenga wimbo wao wa Salome juu ya ule wa Saida. Hii ni moja ya albamu chache za kanda ya ziwa ambazo msikilizaji anaweza kuzitaja kwa jina, mwaka na mwimbaji bila kusita, na uchache huo ndio kiini cha hoja yangu.

Maana Usukumani, ambako ndiko ngoma inakofanyiwa kazi kwa bidii kuliko karibu kila mahali nchini, hakuna albamu ya kulingana na uzito wa muziki wenyewe. Simulizi za Wasukuma zinawataja Gumha na Ngika, mahasimu wawili wa uganga na ngoma, ambao ushindani wao uliwagawa wachezaji katika kambi mbili zilizopo hadi leo: Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno kambi hizo hukutana uwanja mmoja, nazo hucheza kwa wakati mmoja. Kila manju ana nyimbo alizotunga kwa ajili ya siku hiyo, kila kundi lina dawa zake na vituko vyake, na mwamuzi ni umati: watu wakihama upande mmoja kwenda mwingine, ushindi umehama nao. Wakati wa tamasha la Bulabo kule Bujora, kituo cha utamaduni kilichoasisiwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950, jambo hili huonekana peupe kila Juni. Ukirekodi kundi moja peke yake umepata sauti safi, ila umepoteza nusu ya wimbo, kwa kuwa mistari mingi ni majibu kwa anayepiga ngoma upande wa pili. Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kikubwa cha mwaka 2010. Maneno, basi, tunaweza kwenda nayo Rubondo. Uwanja wenyewe haujatiwa katika rekodi ya kutosha.

Yupo atakayesema swali zima limepitwa na wakati, kwa sababu memori kadi moja inabeba kila kitu. Nenda Katoro, mji wa biashara unaolishwa na dhahabu ya Geita. Kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo mchimbaji anatoa kadi yake, analipa kidogo, anarudi kwenye duara, shimo lake la kuchimba, na mamia ya nyimbo: waimbaji wa Kisukuma Nelemi Mbasando na Budagala Ng'wanamalonja, kwaya, bongo fleva, na nyimbo za harusi zilizoagizwa na mtu mwenye uwezo ili jina lake litajwe. Jioni karasha za kusaga mawe zikinyamaza, redio ndogo zinaanza. Lakini tazama kioo cha redio hiyo: kinaonyesha namba ya faili tu. Jina la mwimbaji, kijiji alikotoka, mwaka wa kurekodi, mpiga gitaa, vyote vimeshadondoka njiani, na kadi ikiharibika hakuna anayejua alichopoteza. Wingi huu haujaondoa haja ya kuchagua. Umeiongeza, kwa sababu aliyelazimishwa kuchagua vitu vichache hulazimika pia kuvijua.

Wala si kweli kwamba sanaa ya kwetu haina umbo refu la kubebwa kwa ukamilifu. Buhaya, magharibi mwa ziwa, wapiga nanga, ala ya nyuzi, walitamba tendi zao wakiwa wameketi, chombo kikiwa mapajani, kisa kimoja kikianza na kuisha kwa mpigaji yuleyule. Mtafiti M. M. Mulokozi aliandika juu yao tangu 1983, na baadaye akaandika makala nzima juu ya mmoja wao, Habibu Selemani. Utendi mmoja wa nanga, uliorekodiwa bila kukatwa, unastahili nafasi kisiwani kuliko mkusanyiko wowote wa vipande.

Orodha yangu kwa hiyo ni fupi: Ukumbusho ya kwanza ya Mbaraka, Songs for the Poor Man, Maria Salome, na utendi wa nanga. Nafasi ya tano naiacha kwa rekodi inayopaswa kufanywa: mashindano ya Bagalu na Bagika kutoka mchana hadi jioni, vinasa sauti vikiwa pande zote mbili za uwanja na kingine katikati ya umati. Vifaa vya kazi hiyo vinapatikana Mwanza leo. Na kwa msomaji wa Chato, Geita au Shinyanga mwenye kanda za zamani kabatini: chukua kalamu leo, uandike juu ya kila kasha jina la mwimbaji, kijiji na mwaka, maadamu mzee anayevikumbuka bado yupo nyumbani.