Mfumbaji ni Nani? Historia ya Hoja Moja juu ya House of Leaves

Riwaya ya kutisha ya Mmarekani Mark Z. Danielewski, House of Leaves, ilichapwa mwaka 2000. Humo kijana Johnny Truant ahariri mswada wa Zampanò, mzee kipofu aliyefariki mwaka 1997, unaohusu nyumba ambayo vipimo vyake vya ndani vyazidi vya nje. Katika chapa za rangi, neno la nyumba huwa la buluu.

Tangu hapo wasomaji wamebishana: ni nani hasa aliyeyatunga yote hayo? Baadhi yao humtaja Pelafina, mamake Johnny, aliyefia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1989. Ushahidi wao ni wa namna mbili. Kwanza, Pelafina amtaka mwanawe atie alama ya vema pembeni mwa barua ya kumjibu. Alama hiyo yaonekana chini ya ukurasa wa 97. Pili, herufi za kwanza za maneno katika barua yake nyingine, zikiunganishwa, zalitaja jina la Zampanò.

Hoja ya kwanza ni dhaifu, kwani Johnny ndiye mhariri, naye aweza kuwa amemjibu mama aliyekwisha kufa. Ya pili ni nzito zaidi. Hata hivyo, mhariri huyo huyo aweza kuwa amezibuni barua zenyewe.

Yatupasa basi kutenga ushahidi wa kuwapo kwa fumbo na ushahidi wa kumtambua mfumbaji. Mhakiki avichanganyaye hupotea katika mzingile ule ule auchunguzao.