Bukavu: Avenue Lumumba, barabara iliyojengwa kwa ajili ya wachache

BUKAVU – Mkaaji wa Kadutu au Bagira akisema "ninaenda ku ville", kila mtu anaelewa. Anashuka Ibanda, kwenye Avenue Patrice-Emery Lumumba, kati ya Nyawera na Place de l'Indépendance. Huko ndiko kuna magazini, benki, duka za dawa na ofisi. Lakini wengi wanaopita humo kila siku hawajui kwamba babu zao hawakuruhusiwa kuwa huko kwa saa zote.

Wabelgiji waliweka kituo chao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye ardhi ya Washi. Mwaka 1927 mji ulipewa jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, na jina la Bukavu likarudi katika miaka ya 1950. Barabara yenyewe iliitwa Avenue Royale. Wazungu walichukua Ibanda na rasi zinazoingia ziwani Kivu, Waafrika wakapewa Kadutu, juu ya mlima. Asubuhi wafanyakazi walishuka kufagia, kubeba mizigo na kuuza nyuma ya meza ya mwenye duka. Jioni walipanda tena.

Majengo yaliyobaki yanasimulia wakati ule. Mengi yalijengwa kati ya miaka ya 1930 na 1950, kwa mtindo uitwao Art Deco: kona za mviringo, mistari mirefu ya saruji inayofuata ukuta, madirisha ya duara kama ya meli, na ukuta mfupi juu unaoficha paa. Mbele ya duka kuna baraza yenye nguzo, ili mnunuzi atembee bila kulowa. Katika mji wenye mvua kama Bukavu, hiyo ilikuwa akili nzuri. Hôtel Résidence, yenye ghorofa zake, inabaki alama ya barabara hii.

Baada ya uhuru, jina la mfalme liliondoka, la Lumumba likaingia. Wenye duka nao walibadilika. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, na biashara za wageni zikagawiwa wananchi. Duka nyingi nchini zilikwisha bidhaa kwa muda mfupi, kwa sababu waliozipata wengi hawakuwa wafanyabiashara. Kuta zilibaki, rafu zikawa tupu.

Vita navyo vilipita hapa. Agosti 1964 Kolonel Léonard Mulamba aliongoza ulinzi wa mji dhidi ya Simba, na Place Mulamba inabeba jina lake. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba, na majengo mengi yakaharibiwa. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera. Juni 2004 duka ziliporwa, Februari 2008 tetemeko la ardhi likapasua kuta, na Februari 2025 M23 ilipoingia, benki zilifungwa.

Kuta zilizovumilia hayo yote sasa zinakabiliwa na jambo la kimya zaidi. Mji umejaa watu, kiwanja cha katikati kina bei kali, na nyumba ya ghorofa moja haimpi mwenyewe faida kama ya ghorofa tano. Baraza zinazibwa ili kuongeza chumba cha kupangisha. Mabango yanafunika kona za mviringo. Mwenye nyumba ana haki ya kutafuta mkate wake, na hakuna anayeweza kumwomba aishi ndani ya makumbusho.

Lakini sheria ipo. Ordonnance-loi namba 71-016 ya 15 Machi 1971, kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni, inaruhusu serikali kuorodhesha hata majengo. Kazi hiyo inaweza kuanza kwa hatua ndogo: kuhesabu nyumba zilizobaki, kuzipiga picha, kuandika nani alizijenga na nani alifanya kazi ndani yake. Wazee wa Kadutu walioshuka kila asubuhi wanapungua. Nyumba ikibomolewa na mzee akifariki, mtoto wa Bukavu atabaki na jina la barabara tu, bila kujua ilivyomgharimu babu yake kuikanyaga.