Moyo unaporuka mapigo: mwenye AF afanye nini?

Kila tunapofungua simu kwenye kipindi cha afya, hakosekani msikilizaji wa kusema, "Moyo wangu unaruka." Siku moja alipiga mama ambaye tayari anahudhuria kliniki ya moyo, na kwenye kadi yake wameandika herufi mbili, AF. Alisema usiku akijilaza, moyo unasimama kidogo, unagonga kifua kwa nguvu mara moja, kisha unaendelea. Inamtokea mara nyingi mpaka anaogopa kulala. Tulichoshtuka nacho ni alichokisema mwishoni, kwa sauti ya kawaida kabisa: dawa ya kuzuia damu kuganda ameiacha miezi miwili, kwa kuwa ile AF "siisikii tena."

Mama huyu aliogopa kitu chenye hatari ndogo, akalegeza kamba kwenye chenye hatari kubwa. Hayuko peke yake. Sisi si madaktari, lakini wataalamu tunaowaita studio wametueleza jambo hili mara nyingi, na hapa tumeliweka kwa maandishi ili msikilizaji alisome taratibu.

Kile kishindo kifuani

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Juu, upande wa kulia, kuna sehemu ndogo inayotoa umeme unaoamuru kila pigo. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, kama mara 100,000 kwa siku. Sasa wakati mwingine sehemu nyingine ya moyo hutoa cheche yake bila kungoja zamu. Pigo hilo huja mapema, moyo ukiwa haujajaa damu, kwa hiyo ni dhaifu na mara nyingi halifiki hata mkononi. Baada yake moyo hutulia kidogo. Katika kutulia huko hujaa damu kuliko kawaida, na pigo linalofuata hutoka na nguvu. Kishindo unachosikia ndicho hicho. Sisi watangazaji tunajua jinsi sekunde mbili za ukimya hewani zinavyoonekana kama dakika nzima, na kifuani ni vivyo hivyo.

Haya ndiyo mapigo ya ziada. Karibu kila mtu huyapata, mgonjwa na mzima, ila wengi hawayasikii. Kama moyo hauna ugonjwa mwingine, mapigo machache ya aina hii kwa kawaida hayana madhara. Usiku, ukilala ubavu wa kushoto, huonekana makubwa zaidi kwa sababu moyo uko karibu na ukuta wa kifua na nyumba iko kimya.

AF ni jambo jingine

Kwenye AF, vyumba vya juu haviminyi tena, vinatetemeka tu, mara 300 na zaidi kwa dakika. Damu inatuama humo kama maji kwenye kona ya mfereji, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likaenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Mwenye AF ana hatari ya kiharusi kama mara tano ya asiye nayo. Ikiwa AF imetokana na valvu iliyobana, ile iliyoharibika kwa homa inayofuata mafindofindo ya utotoni, hatari hiyo hupanda mara nyingi zaidi.

Na hapa ndipo mama yetu alipokosea. AF inaweza kuwepo usihisi chochote. Inaweza pia kuja na kuondoka, ikakaa kimya mwezi mzima, na hatari ya bonge bado ipo. Ukimya wa kifua hauwezi kukuambia uache dawa.

Je, mapigo ya ziada yanaweza kuleta AF? Ndiyo, kwa baadhi ya watu. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Michel Haïssaguerre, walionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi waliowachunguza, cheche za ziada zinazotoka kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni ndizo zinazowasha AF. Ugunduzi huo ndio ulioleta tiba ya kuunguza sehemu hizo kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Kwa hiyo mapigo ya ziada yakiongezeka ghafla kuliko ulivyozoea, usiyanyamazie. Mwambie daktari.

Jinsi ya kutofautisha kwa vidole

Kaa chini dakika tano. Geuza kiganja kitazame juu. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na ubonyeze polepole mpaka usikie pigo. Usitumie gumba kupimia, maana lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, kwa sababu sekunde 15 zitakudanganya.

Mapigo ya ziada ni kama ngoma inayokwenda vizuri, mpigaji akakosa pigo moja, kisha akarudi kwenye mdundo wake. AF ni kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati: moja, kimya, mawili haraka, kimya kirefu, moja. Hakuna mdundo wa kurudia. Ila mapigo ya ziada yakiwa mengi sana, mkononi hufanana na AF, na hapo kipimo cha ECG ndicho kinachoamua.

Mashine ya presha ya nyumbani nayo hubabaika. Inaweza kuonyesha mapigo 40 kumbe moyo umepiga 80, kwa kuwa nusu yake yalikuwa dhaifu na hayakufika mkononi. Ukiwa umekaa salama bila kizunguzungu, usikimbie kwa namba hiyo moja. Pima mara tatu, hesabu kwa vidole, andika.

Andika kwenye daftari au kwenye simu: tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, umekunywa nini, mapigo mangapi. Daktari akiona kurasa mbili za aina hiyo anaelewa zaidi kuliko ukimwambia "inanisumbua sana." Anaweza kukuvalisha kifaa kidogo kinachorekodi mapigo kwa saa 24. Ikionekana mapigo ya ziada kutoka vyumba vya chini yanazidi kama asilimia 10 ya yote, yaani kama 10,000 kwa siku, inabidi moyo ufuatiliwe kwa kipimo cha eko, kwa sababu wingi huo ukiendelea unaweza kudhoofisha msuli wa moyo. Unatibika.

Kinachoyaamsha

Pombe inaongoza, hasa kwa mwenye AF. Kukosa usingizi, homa, wasiwasi, upungufu wa damu, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi na baadhi ya dawa za mafua pia vimo. Ukiharisha au kutapika sana unapoteza madini ya potasiamu, na moyo hulalamika. Vivyo hivyo ukinywa vidonge vya kukojoza maji. Mwenye uvimbe wa rovu shingoni, anayekonda na kutokwa jasho, apimwe homoni za tezi, maana tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta AF.

Kishindo kikija usiku, kaa, pumua polepole, toa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Geukia ubavu wa kulia. Amka utembee kidogo chumbani, kwani kwa wengi mapigo haya hupungua mwili ukianza kazi. Yakiongezeka ukiwa shambani au ukipanda mlima, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari mapema.

Dawa

Dawa za kupunguza kasi kama bisoprololo na atenololo hupunguza vishindo pia kwa baadhi ya watu. Usizikatishe ghafla, moyo unaweza kwenda mbio. Mwenye pumu aseme kabla ya kupewa.

Dawa ya kuzuia damu kuganda ni mada ya peke yake. Aspirini haichukui nafasi yake. Kuna vidonge vipya visivyohitaji kupimwa damu kila mara, lakini si vya kila mtu: utafiti wa nchi 24 uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wenye AF iliyotokana na homa ya mafindofindo walipona kifo na kiharusi zaidi kwa warfarini ya zamani kuliko kwa rivaroksabani. Kwa hiyo usibadilishe kwa ushauri wa jirani.

Anayetumia warfarini apime INR kama alivyopangiwa. Mchicha, kisamvu na matembele ale, ila kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa zinaweza kumtoa damu tumboni. Flajili na Septrini huongeza nguvu ya warfarini, na dawa ya kifua kikuu ya rifampisini huipunguza, kwa hiyo onyesha kadi yako kila unapoandikiwa dawa, hata ya kuhara. Dawa za mizizi nazo zitaje. Mama anayetaka kupata mimba aseme kabla, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Usingoje asubuhi

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, tafuta usafiri wa hospitali saa ileile, hata hali ikirudi vizuri baada ya dakika chache. Vilevile ukizimia, kifua kikibana, ukihema ukiwa umekaa, mapigo yakizidi 120 bila kushuka ukiwa umepumzika, au choo kikiwa cheusi kama lami wakati unatumia dawa hizi.

Yule mama tulimwomba arudi kliniki kesho yake na asianze mwenyewe vidonge vilivyobaki kabatini, maana dozi ya zamani inahitaji kupimwa upya. Baada ya wiki tatu alitupigia. Vishindo bado vipo, anasema, kama vitano au sita kila usiku. Siku hizi anavihesabu, anageuka upande wa pili, analala. INR yake inayofuata ni Alhamisi.