Kisomo na hesabu mahali pa kazi

Fundi anayechanganya saruji na mchanga anafanya hesabu za uwiano. Mhudumu wa wazee anayejaza karatasi ya dawa anasoma na kuandika. Kosa la yeyote kati yao haliishii daftarini: ukuta hupasuka, au mgonjwa hupewa dozi isiyo yake.

Kisomo cha kazini ni mafundisho ya kusoma, kuandika na kuhesabu yanayotolewa ndani ya mafunzo ya kazi. Mahali pa kitabu cha shule hutumika nyaraka za kazi yenyewe: ratiba ya zamu, hati ya mshahara, maelekezo ya usalama au vipimo vya ramani ya nyumba.

Wazo la zamani

Afrika Mashariki inalifahamu wazo hili kwa jina la kisomo chenye manufaa. Kati ya mwaka 1968 na 1972, Tanzania, kwa msaada wa UNESCO, iliendesha mradi wa majaribio katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria. Wakulima na wavuvi walijifunza herufi kupitia masomo ya pamba, migomba na uvuvi. Mbinu hiyo ilienezwa nchini kote, na watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967, walipungua hadi takriban asilimia 10 mwaka 1986.

Tatizo la nchi tajiri

Nchi zenye viwanda nazo hazikusalimika. Mwaka 1999, kamati iliyoongozwa na Sir Claus Moser iliripoti kwamba nchini England mtu mzima mmoja kati ya watano hakuweza kutumia faharasa ya kitabu cha simu za biashara kutafuta ukurasa wa mafundi bomba. Mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilizindua mpango wa Skills for Life.

Walimu wawili

Utafiti uliochapishwa England mwaka 2006 ulichunguza kozi 79 za ufundi na kazi nyingine. Pale ambapo kisomo kiliunganishwa kikamilifu na mafunzo ya kazi, asilimia 93 ya wanafunzi waliohitaji msaada wa lugha na kisomo walipata cheti chake. Pale ambapo masomo hayo yalitenganishwa, waliofaulu walikuwa asilimia 50. Kwa upande wa hesabu, tofauti ilikuwa asilimia 93 kwa 70.

Hata hivyo, utafiti huo ulitoa onyo. Mwalimu mmoja alipobebeshwa mizigo yote miwili, ya ufundi na ya kisomo, matokeo ya kisomo yalishuka. Waliofanikiwa zaidi ni walimu wawili waliopanga masomo pamoja, mmoja akiijua kazi na mwingine akijua jinsi ya kufundisha kusoma na hesabu.

Aibu na muda

Kikwazo kingine ni aibu. Mfanyakazi asiyejua kusoma vizuri husingizia kuwa amesahau miwani, au humwomba mwenzake amjazie fomu, akihofia kwamba bosi akijua atapoteza kazi. Ndiyo maana nchini Uingereza vyama vya wafanyakazi viliteua wawakilishi wa mafunzo, wafanyakazi wa kawaida wanaoweza kuzungumza na wenzao kwa faragha. Sheria ya mwaka 2002 iliwapa wawakilishi hao haki ya kupewa muda wenye malipo kutekeleza wajibu huo. Mfuko wa serikali uliogharimia mafunzo ya vyama hivyo nchini England tangu mwaka 1998 ulifungwa mwaka 2021.

Suala la gharama, kwa hiyo, limebaki palepale. Mwajiri huhesabu saa anazopoteza mfanyakazi akiwa darasani. Ni vigumu zaidi kwake kuhesabu saruji iliyochanganywa vibaya, mzigo uliopelekwa anwani isiyo sahihi, au jeraha la mtu ambaye hakuweza kusoma ilani iliyobandikwa ukutani.