Miti ya Kishapu ni ya nani?

Niko Kishapu kwa wiki moja, kuna kikao cha ukoo.

Dar kila kijiwe hadithi ni moja: fulani kanunua eka kumi Mufindi, kapanda paina, anasubiri mbao. Waliotangulia ni serikali na Sao Hill yao. Huku Kanda ya Ziwa nako, mwaka 2017 serikali ilianzisha shamba la miti Chato, ambalo sasa linaitwa Silayo. Yaani miti ni ya serikali au ya mwenye hela. Basi!

Kishapu ina historia nyingine. Enzi za mkoloni misitu ilifyekwa ili kuua mbung'o. Pamba ikafuata, na mifugo ikaongezeka. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa.

Lakini Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo linalofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, ndama na maksai wapate majani. Kila ngitili ilikuwa na mwenyewe. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, miaka ya 1974 na 1975. Watu wakahamishwa, ngitili zikabaki nyuma. Kisicho na mwenyewe hakina mlinzi, zikakatwa na kuchungiwa hovyo.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway. Wakati huo mkoa mzima, Kishapu ikiwemo, ulikuwa na ngitili za hekta 600 hivi. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000! Siri haikuwa miche tu. Watu walirudishiwa umiliki, familia kwa familia na kijiji kwa kijiji, visiki vya zamani vikachipua vyenyewe. Sungusungu wakasimamia.

Sasa kuhusu kile kikao. Babu alituachia ngitili. Baba wadogo wanataka igawanywe, kila mmoja achukue kipande chake, na mmoja ameshapata mnunuzi wa mkaa. Mimi nitawaomba tuchukue hatimiliki ya kimila kwa jina la familia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu.

Najua nitaambiwa, "Wewe mtoto wa mjini unajua nini?" Ninachojua ni kwamba Operesheni Vijiji ilituondolea ngitili kwa nguvu. Safari hii tutakuwa tumeiua wenyewe.

Mngekuwa nyie mngesemaje kikaoni? Tafakarini.